Mahali Ukurasa Unapoishia

Qali Yarrow anajua mambo mengi, ila kila analolijua linaishia kwenye kichwa cha habari. Anajua kwamba ngamia wana ugonjwa wa kifua, kwamba una vyanzo vinne na tiba tatu za kienyeji, lakini ukimuuliza tiba hizo ni zipi atakujibu bila haya, "Hiyo iko huko ndani." Huko ndani yeye hajawahi kufika. Kazi yake ni kupanga yaliyomo ya tasnifu: vichwa vikae kushoto, namba za kurasa zikae kulia kwenye mstari mmoja ulionyooka, na kila namba iseme kweli.

Mimi ni mfunga vitabu. Tunagawana duka moja mjini Garissa, karibu na njia ya kwenda chuoni. Yeye na kompyuta yake upande wa kulia wa mlango, mimi na gundi, kisu na kibanio changu upande wa kushoto. Wateja wananiita Fundi, na nimekubali, maana jina langu la Kipokomo wakilitamka huwa nasikia kama wananitukana. Huu ni mwaka wa nane tunatazamana. Mtu ukimtazama miaka minane lazima umchunguze, na sioni aibu kusema kwamba mimi ni mdaku.

Alizaliwa Tarbaj, kwa watu wa mifugo, akasoma mpaka kidato cha nne, akaolewa, akaja Garissa na mume anayeendesha lori la mizigo. Kompyuta alijifundisha mwenyewe. Siku za mwanzo alikuwa anapanga namba kwa kubonyeza nukta, kama wafanyavyo wateja wote mpaka leo, na hili ndilo jambo linalonipandisha hasira. Mtu ana shahada ya kwanza, anatafuta ya pili, amezunguka kaunti nzima na dodoso, halafu akifika kwenye yaliyomo anaweka kidole kwenye kitufe cha nukta na kukikandamiza mpaka namba ifike ukingoni. Anakadiria kwa jicho! Haimwingii akilini kwamba herufi hazina upana mmoja, kwamba m moja inakula nafasi ya i tatu, kwa hiyo nukta za mstari huu hazitakutana kamwe na nukta za mstari ule. Akichapisha, namba zinakwenda kombo kama mbuzi wanaotoka kisimani, na yeye analaumu printa.

Qali alihangaika na tatizo hilo wiki mbili nzima na hakumuuliza mtu. Siku aliyogundua dawa yake alinivuta mkono mpaka kwenye kioo cha kompyuta. "Fundi, kuja uone. Iko na kigingi!" Akanionyesha alama ndogo juu ya ukurasa, upande wa kulia. Ukishaichomeka pale, namba zote zinafungwa hapo, na nukta zinajijaza zenyewe katikati. Jina lake la Kiingereza analijua, lakini mpaka leo anaiita kigingi, na wanafunzi nao wameanza kuiita hivyo.

Ana desturi moja. Kabla ya kugusa kazi ya mtu, anasoma yaliyomo yote toka juu hadi chini, midomo ikichezacheza, halafu anamuuliza mwenyewe swali moja. Moja tu. Mwanafunzi mmoja wa uchumi aliulizwa, "Kwa nini sura ya tatu iko na mbuzi, sura ya nne mbuzi imeenda wapi?" Yule kijana aliomba flashi yake, akarudi baada ya wiki mbili na sura ya nne mpya. Mimi huacha kisu changu chini nikisikia swali linakuja.

Mowlid Adow aliingia Jumatano saa mbili asubuhi. Mtu mwembamba wa miaka kama arobaini, shati limefungwa vifungo mpaka kooni, faili ameikumbatia.

"Asalaam aleykum. Samahanini, dada na kaka. Nimeelekezwa kwenu kwa sababu ya yaliyomo."

Niliinua kichwa. Mimi nimezaliwa kandokando ya Mto Tana, Kiswahili nimenyonya, na sikumbuki lini mara ya mwisho nilisema samahanini. Kumbe ni mwalimu wa shule ya msingi Hagadera, katika kambi za wakimbizi za Dadaab, na shahada yake ya uzamili ni ya Kiswahili chenyewe. Kiswahili chake chote alikitoa vitabuni.

Shida yake aliieleza kwa sentensi nne. Jana alipeleka tasnifu, na Bwana Issack, karani anayekagua kazi za uzamili pale chuoni, akairudisha: namba za yaliyomo zimepinda, vichwa vitatu haviko kwenye kurasa zilizotajwa, na pambizo la kushoto ni jembamba. Orodha ya wanaohitimu inafungwa leo saa kumi jioni. Kibali chake cha kutoka kambini kinaisha kesho, na hicho kibali alikingoja miezi mitano.

"Nikikosa leo, ni mwaka mzima," alisema. "Na kibali kingine sijui kama kitatoka."

Kuhusu pambizo la kushoto mnilaumu mimi na wenzangu. Chuo kinataka nafasi pana upande ule kwa sababu mfungaji anaila: anakata, anapaka gundi, anabana. Kitabu cha pambizo jembamba maneno yake ya mwanzo yanazama kwenye mshono.

Qali alifungua flashi. Jina la tasnifu lilikuwa Kumbukumbu za Visima Miongoni mwa Wazee wa Hagadera. Akasoma yaliyomo toka juu hadi chini, namba zimepinda ajabu, nikangoja swali. Halikuja. Badala yake aliteremka mpaka ndani, ukurasa baada ya ukurasa, haraka haraka, kisha akasimamisha mkono.

"Walaal, ndugu yangu, kwa nini kila peji inaisha na nukta?"

Nilikwenda kuangalia. Ni kweli. Kurasa mia moja na kumi na nane, na hakuna sentensi hata moja iliyoanzia ukurasa huu ikamalizikia ule. Kurasa nyingine zilikuwa na mistari mitatu mitupu chini, nyingine miwili, lakini zote zilifunga kwa sentensi kamili. Nimefunga tasnifu hata idadi siijui tena, na sikuwahi kuona kitu kama hicho.

"Ulibonyeza enter kwa mkono?" Qali akauliza.

"Kwa mkono."

"Peji zote?"

"Zote, dada."

"Sababu?"

Mowlid alimtazama kama aliyeulizwa sababu ya kuvaa viatu. "Ukurasa si ndivyo unavyoishia?"

Alihifadhi Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja, kwenye duksi, yaani madrasa, ya hukohuko kambini, akitumia ule msahafu ambao kila ukurasa wake unaishia mwisho wa aya. Mtoto wa duksi haikumbuki Kurani kama uzi mmoja mrefu. Anaikumbuka kwa kurasa, anajua aya fulani iko juu kulia au chini kushoto, na pale ukurasa unapoishia ndipo anapopumua. Baadaye alipokutana na vitabu vingine na kuona sentensi zinakatika katikati, alidhani ni uzembe wa wachapaji. Alisema hivyo bila utani.

"Mvua ile ya mwaka wa ishirini na tatu iliingia kwetu," akaendelea. "Nilikuwa na kurasa sabini. Daftari zote zikalowa, na ile kompyuta ya kituo, tuliyokuwa tukiitumia kwa zamu, ikafa. Niliziandika upya zote sabini kutoka kichwani. Sasa niambieni, kama sentensi ingekuwa inaruka ukurasa, ningeshikia wapi? Kilicho kichwani hakilowi, na hakiombi kibali."

Qali alikuna shavu. "Mimi naweza kumaliza kazi yako na dakika tano. Natoa enter zote, napanua margini, naweka kigingi, kompyuta inahesabu peji yenyewe."

"Kurasa zitahama?"

"Zitahama."

"Basi hapana."

Hapo mimi nilipandwa. Nilimwambia, ndugu, una saa nane mkononi, una kibali cha kesho, unataka shahada au unataka nukta? Akanijibu kwa upole uliozidi kunikera, "Vyote viwili, Fundi, ikiwa vinapatikana." Nilirudi kwenye gundi yangu nikiwa nimeudhika, na nimeudhika hasa kwa sababu nilitaka kuona itakuwaje.

Qali alisukuma kiti. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya duka kutia udhu, akarudi, akauteremsha msahafu ulio kwenye rafu ya juu. Aliufungua karibu na dirisha. Hakuwa anasoma, nilimjua. Alikuwa anautazama kwa jicho lile analotazamia kazi za wateja. Akaleta uso karibu kabisa na karatasi.

"Fundi, kuja. Angalia hii mstari. Hapa amebana. Na hapa chini, amevuta. Ona hii herufi, amevuta mpaka ikafika." Akacheka kwa furaha kama msichana. "Huyu mwandishi alikuwa anafanya kazi yangu!"

Akaurudisha msahafu mahali pake, akakaa, akaanza. Aliondoa zile enter zote, akapanua pambizo, kisha akachukua ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa ukizidi mstari, alipunguza nafasi kati ya herufi na herufi, kiasi kidogo ambacho jicho halikishtukii. Ukipungua, aliivuta. Sentensi ya mwisho ilipokaa chini kabisa, aliukata ukurasa pale kwa amri ya kompyuta yenyewe, si kwa kubonyeza enter. Kila mara alimgeukia Mowlid. "Sawa?" Naye alisoma sentensi ya mwisho tu. "Sawa." Mistari ndani ya ukurasa ilihama, hilo hakulijali. Mwisho wa ukurasa ndio aliuangalia.

Basi Qali, bila kupanga, akajikuta anasoma. Sentensi moja kwa kila ukurasa, ile ya mwisho. Nikawa nasikia maswali yakimtoka, na si moja tena. Kwa nini kisima kinapewa jina la mwanamke? Huyu mzee alikumbuka vipi idadi ya ndoo? Mowlid alijibu yote. Wazee aliowahoji walikuwa kumi na tisa. Walimsimulia kwa Kisomali, akaandika kwa Kiswahili, kisha akarudi kuwasomea kwa Kisomali tena mpaka wakubali. Aliyemsumbua kuliko wote ni bibi mmoja aitwaye Faay, aliyekimbilia Hagadera mwaka wa tisini na mbili.

"Msumbufu aje?" Qali akauliza.

"Kila neno analipima," Mowlid akasema.

Adhuhuri iliadhiniwa wakiwa ukurasa wa themanini. Mowlid alikwenda msikitini. Qali aliendelea, maana saa ilikuwa inakwenda. Kuna ukurasa mmoja ulimkwamisha. Nilimsikia akiguna, akibana, akivuta, akibana tena. Kisha akasema "Imekaa," na kuendelea. Mowlid aliporudi Qali alikuwa amevuka tisini, na saa haikuruhusu kurudi nyuma.

Saa saba na nusu kigingi kilichomekwa. Yaliyomo yalijitokeza kwenye kioo, vichwa kushoto, nukta katikati, namba kulia zimesimama sawasawa mpaka chini. Mowlid aliinama akazitazama kwa muda mrefu, akasema ni nzuri. Ilikuwa nzuri. Nakala nne zikachapwa, nami nikakata, nikapaka gundi, nikabana, nikaomba gundi inisikilize kwa mara moja maishani. Saa tisa na robo tuliondoka, mimi na Mowlid, kwenda chuoni. Vitabu nilivibeba mwenyewe kwa sababu vilikuwa bado vya moto mgongoni na simwamini mtu na kitabu ambacho hakijapoa.

Bwana Issack ana rula ya chuma. Aliilaza kwenye ukingo wa namba: zimenyooka. Akapima pambizo: sawa. Kisha akaanza kukagua kama namba zinasema kweli, kwa kutaja kichwa na kusubiri mwenyewe afungue.

"Visima vya Mto Juba. Inasema hamsini na mbili."

Mowlid hakugusa kitabu. Alitaja maneno yanayoanza ukurasa wa hamsini na mbili, na yanayoumaliza. Bwana Issack akafungua, akasoma, akamtazama.

"Sikukuuliza maneno, nimekuuliza ukurasa." Lakini tayari alikuwa ameshikwa. Akataja kingine, na kingine. Rula ameiweka kando, amesahau kwamba anakagua. Ningemcheka kama nami nisingekuwa nimekaa ukingoni mwa kiti.

"Na themanini na saba? Inaisha aje?"

"'Maji yake yalikuwa matamu sana.'"

Bwana Issack alisogeza kidole. "Karibu. Hapa hakuna sana. 'Maji yake yalikuwa matamu.' Nukta."

Mowlid aliomba kuona. Akaona. Akachukua nakala ya pili, akafungua palepale, akachukua ya tatu. Nilichungulia juu ya bega lake. Nilikumbuka ule ukurasa uliokwama wakati yeye akiwa msikitini, na nikajua kilichotokea kama niliyekuwa nimeshika kitufe mwenyewe.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Kurudi dukani, kuchapa, kufunga upya, haiwezekani.

"Ni neno moja, walaal," Bwana Issack akasema, na alisema kwa huruma. "Nipige muhuri ama niache?"

Mowlid aliuweka mkono juu ya ule ukurasa. Nilitaka kumtikisa. Nilitaka pia akatae, sijui kwa nini.

"Piga," akasema.

Muhuri ukapigwa, jina likaingia kwenye orodha, akapewa karatasi ya kupokelewa. Tulirudi dukani. Mtu aliyepata shahada yake alikuwa anatembea mbele yangu kama anayetoka mazikoni.

Qali alituona mlangoni na ile karatasi, akaanza kupiga vigelegele. Vilimkatikia alipouona uso wa Mowlid.

"Dada," Mowlid akasema, "ukurasa wa themanini na saba."

Qali hakujifanya haelewi. "Ni mimi. Ilikuwa inavuka na neno moja. Nilibana, ikakataa. Nikasema neno moja, nani atajua?" Akajifunika uso kwa shungi. "Naona aibu, wallahi. Naona aibu sana."

Mowlid alikuwa amekasirika, na alikasirika kwa adabu, ambayo ni mbaya zaidi. "Mara ya kwanza mimi mwenyewe niliandika matamu. Nikamsomea Faay. Akanirudisha. Nikabadilisha, nikaweka matamu mno. Akanirudisha. Akaniambia, maji matamu ni ya kila mtu, yangu yalikuwa matamu sana. Nilirudi kwake mara tatu kwa neno hilo, dada."

Qali alijifunua uso. Aligeukia kompyuta, akafungua ukurasa ule, akarudisha neno. Kama alivyosema, lilivuka: neno moja peke yake, juu ya ukurasa unaofuata. Safari hii hakulibana. Alishusha ukingo wa chini wa ukurasa ule mmoja, mstari mmoja chini ya kiwango cha chuo, na sana likarudi kukaa na wenzake.

"Hii haiendi kwa rula ya mtu," akasema.

Akachapa kitabu kizima, nakala moja. Nami nilikifunga bila kuulizwa, kwa kitambaa kizuri nilichokuwa nimekificha kwa ajili ya maprofesa. Nilimrudishia Qali akitoe kwa mkono wake.

"Ile ya chuo iko na kosa yangu," alimwambia Mowlid. "Hii iko sawa. Angalia."

Mowlid alifungua themanini na saba, akaenda moja kwa moja chini. Nikaona mabega yake yakishuka. Alisema ahsante, na safari hii sauti yake haikuwa ya kitabuni.

Lakini Qali ni Qali. Alikuwa ameinama naye juu ya kitabu, amekwishasoma ile sentensi, na kidole chake tayari kilikuwa kwenye kona ya karatasi. Aligeuza. Sentensi ya kwanza ya themanini na nane aliisoma kwa sauti, polepole.

"'Mwaka huohuo kisima kilifukiwa kwa mawe, na sisi tukaondoka.'"

Nami nilisogea, nikaisoma mwenyewe.

"Kila Ijumaa Faay huniita nimsomee," Mowlid akasema. "Naanza themanini na tano, pale panapoanza jina lake. Tukifika mwisho wa themanini na saba anaweka mkono juu ya karatasi, hataki nigeuze. Tunaishia hapo."

Qali alirudisha ule ukurasa taratibu, akaulainisha kwa kiganja, akafunga kitabu, akampa.